Waya wa spidomita ukilia usikatwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na madereva wenzangu wa Pemba, khasa sisi tunaoendesha gari kongwe za mizigo, na pia niseme na mafundi wetu. Umeenea mtindo wa kuuondoa waya wa spidomita, ile saa ya kuonesha mwendo wa gari, pale unapoanza kupiga kelele. Dereva analalamika kuwa kuna kitu kinalia kwenye dashibodi, fundi anapenyeza mkono nyuma ya saa, anauchomoa waya, kelele imekwisha. Fedha inatolewa na kila mtu anashika njia yake. Tangu siku hiyo mshale umelala kwenye sifuri.

Mimi sikubaliani na mtindo huu hata kidogo. Waya ule unataka kusafishwa na kutiwa grisi, na si kazi kubwa.

Naendesha Hilux ya dizeli ya miaka ya 1980, napakia ndizi na mazao mengine kutoka Chake Chake kupeleka bandarini Mkoani. Spidomita ya gari kama hii haisubiri umeme. Kwenye giaboksi kuna kigia kidogo kinachozungusha waya wa chuma, na waya huo unapita ndani ya ganda lake mpaka nyuma ya saa. Huko juu unazungusha sumaku, na sumaku inakivuta kikombe chepesi cha alumini kilichoshika mshale, bila ya viwili hivyo kugusana. Ni ubunifu aliousajili Mjerumani Otto Schulze mwaka 1902, na mimi nauheshimu sana, kwa sababu mpaka leo unanitumikia. Katika gari nyingi za Kijapani za wakati ule, waya huzunguka mara 637 kwa kila kilomita moja. Chake mpaka Mkoani ni karibu kilomita 30. Kwa hiyo kwenda tu, kabla hujageuza, waya umeshazunguka kama mara 19,000. Grisi ya kiwandani ikikauka, vumbi likaingia na hewa yetu ya chumvi ikaleta kutu, chuma kinasagana na chuma. Vipi usilie?

Mara nyengine hutoa mlio mwembamba unaopanda kila unapoongeza mwendo. Mara nyengine ni tiki-tiki-tiki ukienda polepole, na mshale unatetemeka, hujui uko 30 au 50. Kabla ya kufungua sana, mtafute anayelia. Chomoa ncha ya juu ya waya, kisha endesha masafa mafupi kwenye barabara tulivu. Kelele ikibaki, tatizo liko kwenye waya au kule chini kwenye giaboksi. Ikipotea, shaka kubwa iende kwenye saa yenyewe, na hiyo ni kazi ya fundi wa saa hizo, usiitie bisibisi.

Ikiwa ni waya, uvute utoke ndani ya ganda. Gari nyengine hutokea juu, nyengine ni lazima ufungue nati ya kwenye giaboksi kwanza. Uoshe kwa mafuta ya taa, uufute kwa tambara mpaka tambara litoke safi. Halafu uulaze juu ya kioo au meza iliyonyooka na uuviringishe kwa kiganja. Mzima huviringika kimya, uliopinda huruka-ruka. Uliopinda usijaribu kuunyoosha kwa plaisi, haunyooki ukarudi kama ulivyokuwa, tafuta mwengine. Angalia pia nyuzi zilizokatika, na zile ncha za pembe nne: zikishakuwa mviringo, hazishiki tena. Ganda nalo limiminiwe mafuta ya taa na litundikwe usiku kucha lichuruzike. Ukikuta ganda limejaa oili, basi sili, ule mpira wa kuzuia oili pale kwenye giaboksi, imekufa. Ibadilishe, la sivyo oili itaendelea kupanda.

Sasa nakuja kwenye grisi, na hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Utamuona mtu anachota grisi kwa vidole vitatu na kuupaka waya kuanzia chini mpaka juu kabisa. Waya ule umesokotwa, na ukizunguka hupandisha grisi kama parafujo. Ikifika kwenye saa inaingia baina ya sumaku na kile kikombe, mshale unaanza kunata au kusoma mwendo usiokuwepo, na saa nzima imeharibika kwa ajili ya kelele ya waya. Paka grisi laini, utando mwembamba tu, na shubiri moja ya juu iache kavu. Oili ya injini usitumie, ni nyepesi na itapanda upesi zaidi.

Unaporudisha, utazame njia unayopita waya. Ganda halitaki kona kali. Mara nyingi wanaofunga redio huusukuma waya pembeni wapate nafasi, ukakunjika nyuma ya dashibodi, na kelele ikaanza wiki ile ile. Pia ile pete ya mpira inayoziba tundu la ukuta wa injini ikipotea, ganda hugonga bati na kukatika taratibu.

Wenzangu wengine huniambia, "Bwana, simu inaonesha spidi." Inaonesha, lakini haihesabu kilomita za gari, kazi inayofanywa na waya ule ule. Oili nitabadilisha lini? Mkanda wa taiming, ambao kwa injini nyingi za dizeli kama yangu hubadilishwa kwenye kilomita 100,000, nitaujuaje? Na ukiteremka kilima na mzigo wa ndizi mgongoni, mwili unakudanganya. Umeshazoea mwendo, unahisi uko taratibu, na mbele yako watoto wametoka skuli wamejaa barabarani. Kibao cha barabarani kikiniambia 50, nataka kujua kwa macho yangu kama niko 50. Hili ndilo linaloniuma zaidi kuliko spea na mafuta. Kwa hiyo nawaomba wanaokagua gari wasitosheke na kuwasha taa na kukanyaga breki. Wapande, gari itembee kidogo, waone mshale unapanda.

Wauzaji wa spea nao nawaomba watuletee nyaya za ndani peke yake, si lazima tununue na ganda pale ganda linapokuwa zima. Kwa sasa wengi wetu Pemba tunaagiza Unguja au Dar es Salaam, na mzigo ukifika unakuta mfupi au ncha haziingii. Unapoagiza, pima waya wa zamani kwa tepu ukiwa umenyooka, pima na ganda lake, na upige picha ncha zote mbili kwa karibu, kwa sababu hata Hilux mbili zinazofanana kwa nje zinaweza kuwa na waya tofauti.

Dereva wa gari ya mizigo,
Machomane, Chake Chake,
Pemba.