Haidroliki ya giaboksi: lini ubadilishe, lini usiiguse kwanza

Wateja wengi wakifika gereji kwetu huanza na swali hili: "Fundi, haidroliki ya giaboksi inabadilishwa baada ya kilomita ngapi?" Hiyo ni oili ya giaboksi ya otomatiki, na kwa magari mengi ya hapa Dar es Salaam swali hilo halijibiki kwa namba moja. Gari limetoka Japani likiwa limetumika, hakuna anayejua lilihudumiwa vipi huko, na pengine kilomita za kwenye dashibodi zilirudishwa nyuma kabla wewe hujaliona. Ndiyo maana hatuanzi na kilomita. Tunaanza na stiki, kile kijiti cha kupimia oili.

Kama una Toyota ya giaboksi yenye stiki, mfano IST za mwanzo, Raum au Spacio, unaweza kujipimia mwenyewe. Endesha gari dakika 20 hivi lipate moto, egesha pa tambarare, acha injini iendelee kuunguruma. Kanyaga breki, pitisha gia kutoka P mpaka L taratibu, kisha rudisha P. Chomoa stiki, ifute, irudishe, ichomoe tena, usome kwenye alama za HOT. Honda nyingi zenye stiki ni tofauti: unazima injini kwanza, halafu unapima ndani ya dakika moja hadi moja na nusu.

Sasa dondosha matone mawili kwenye tishu nyeupe, usubiri kidogo. Oili nzima husambaa ikiwa nyekundu na safi. Ikiwa ya kahawia kama chai ya rangi, imeanza kuchoka, panga kuibadilisha. Ikiacha doa jeusi katikati kama masizi, tena ikanuka kama breki zilizoungua kwenye mteremko, hapo pleti za klachi ndani ya giaboksi zimeanza kuliwa. Rangi peke yake hata hivyo isikutie hofu, kwa sababu zipo oili zinazofifia mapema na bado zinafanya kazi. Tunaangalia rangi, harufu na namna gari linavyotembea, vyote kwa pamoja.

Rangi moja haina mjadala: waridi yenye ukungu, kama maziwa ya stroberi. Hayo ni maji. Huenda yameingia ulipovuka mafuriko wakati wa masika, au rejeta imetoboka kwa ndani, maana kwenye magari mengi haidroliki hupoozwa kwenye bomba lililopita ndani ya rejeta. Gari la namna hiyo usiliendeshe hata mpaka gereji, lipakie kwenye gari la kubebea. Maji yakikaa kwenye pleti za klachi, gundi inayoshika ile bitana yake huachia, na hapo utakuwa unanunua giaboksi.

Kinachoichosha oili hii zaidi ni joto. Yenyewe ndiyo inayosukuma klachi zishike, inalainisha gia, inapooza, na ina dawa ndani yake zinazofanya klachi zishike bila kuteleza wala kugonga. Joto likizidi, dawa hizo hufa kabla ya wakati. Foleni ya Ubungo saa kumi na moja jioni, gari limejaa watu, kiyoyozi kinafanya kazi, hatua tano unasimama: giaboksi inaumia kuliko ingekuwa njiani kwenda Dodoma. Mwenye teksi ya mtandaoni anayetembea kilomita 200 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, anafikisha kilomita 60,000 kwa mwaka mmoja, karibu zote za foleni. Huyo tunamshauri kila kilomita 40,000, yaani kama kila miezi minane. Gari la familia la kwenda kazini na kanisani linaweza kufika 60,000, lakini tishu iangaliwe kila mwaka. Wapo watengenezaji wanaosema oili fulani haihitaji kubadilishwa katika matumizi ya kawaida. Foleni za Dar zenye joto hili sisi hatuziweki kwenye matumizi ya kawaida.

Halafu kuna lile neno la mtaani: "Ukibadilisha haidroliki ya gari la zamani, giaboksi inakufa." Halikuzuka hivihivi. Mtu husubiri mpaka gari linaanza kuteleza, injini inapiga kelele lakini mwendo hauongezeki, ndipo anakimbilia kumwaga oili. Wiki mbili baadaye giaboksi inagoma, lawama zinaiangukia oili mpya. Klachi zilikuwa zimeshakwisha, na ule unga wao uliokuwa ukielea kwenye oili chafu ndio uliokuwa ukizisaidia kushika. Kuisukuma oili kwa mashine ya presha kunaweza pia kuamsha uchafu ukaenda kuziba njia za valvu. Kwa hiyo gari likija linateleza, au ukiweka D linachelewa kuitika, hatukuuzii oili siku hiyo. Tunalipima kwanza, tunasoma kompyuta yake, na ikibidi tunafungua sampo, lile bakuli la oili chini ya giaboksi.

Ndani ya sampo kuna sumaku ndogo. Ukiikuta imevaa tope laini la kijivu, kama wanja, usiogope, huo ni uchakavu wa kawaida. Ukikuta vipande vinavyochoma kidole, kuna chuma kinachovunjika, na hakuna oili itakayokitibu. Sumaku hiyo tunamwonyesha mwenye gari mkononi kabla ya kuisafisha.

Kwa gari linalobadilisha gia vizuri ila historia yake haijulikani, tunamwaga na kujaza bila presha. Ujue kwamba ukifungua nati ya sampo haitoki oili yote, nyingi hubaki ndani ya torki konveta, kile kiungo kati ya injini na giaboksi. Tuseme imetoka asilimia 40: awamu ya kwanza ya zamani inabaki 60, ya pili 36, ya tatu kama 22. Tunazigawa awamu hizo kwenye sevisi tatu za injini zinazofuatana, na hata mfuko wako unapumua. Tunapima kilichotoka kwa jagi na kurudisha kiasi hichohicho, kisha tunahakikisha kwa stiki oili ikiwa ya moto, kwa sababu ikizidi hutoa povu, na povu halisukumi klachi.

Aina ya oili ndiyo inayotuletea magari mengi yaliyoharibiwa kwingine. IST za mwanzo hutumia T-IV. Crown na Prado nyingi za karibuni hutumia WS, ambayo ni nyepesi zaidi, na moja haichukui nafasi ya nyingine. Vitz za CVT na X-Trail za CVT, yaani zenye giaboksi ya mkanda badala ya gia za hatua, zina oili zao kabisa, na ukizitilia haidroliki nyekundu ya kawaida, mkanda wa chuma ndani utateleza mpaka uharibike. Mwenye Subaru, simama karibu na fundi anapofungua nati: tumepokea Forester iliyomwagwa oili ya giaboksi ikidhaniwa ni ya injini, kisha injini ikaongezewa oili juu ya ile iliyokuwamo.

Ukija, leta kadi ya gari ili tusome modeli yake kamili. Usiache gari lipoe kwanza, tunataka oili ya moto kwenye ile tishu. Kupima kwa stiki hatutozi. Magari yasiyo na stiki yanapandishwa juu na kupimwa kwa nati maalumu oili ikiwa kwenye nyuzi joto zake, hiyo ina gharama ndogo na tutakutajia kabla ya kuanza. Tishu yenyewe tunaiandika tarehe na kilomita, tunakupa uiweke kwenye droo ya gari, mwaka kesho tunailinganisha na mpya.