Barua ya wazi kwa vijana mnaopekua biashara za wagombea

Wanangu,

Kampeni zikianza, dawati la siasa na dawati la biashara huanza kugombania habari moja: mgombea huyu alitajirikaje? Swali ni halali kabisa. Anayeomba kukabidhiwa hazina ya nchi hana haki ya kununa akiulizwa mali yake ilitoka wapi, nani anamdai, na kampuni zake zinapata zabuni kwa nani. Nimekalia kiti cha mhariri muda mrefu, na mgombea anayelia kwamba anachimbwa hajawahi kunitoa machozi. Kinachonikera ni kumchimba mmoja huku mwenzake mkimpiga picha akikata utepe wa kiwanda.

Mkiambiwa mnapendelea, mnaruka: "Mzee, tuonyeshe uongo uko wapi!" Haupo. Kila sentensi ni ya kweli. Mgombea wa kwanza alichelewesha kodi, kweli. Wa pili naye alichelewesha, ila faili lake hakuna aliyelifungua. Msomaji anafunga gazeti akijua mkwepa kodi ni mmoja. Mkuki kwa nguruwe mtamu, na sisi wa chumba cha habari tunajua vizuri nani tumemfanya nguruwe.

Kwa hiyo andikeni maswali yenu kabla hamjachagua wa kumuuliza. Kampuni gani amesajili, kwa jina lake au la mkewe? Mahesabu yaliyokaguliwa yako wapi? Kesi za madai ziko mahakama gani? Alipokuwa madarakani, ni uamuzi gani wake uliomnufaisha yeye mwenyewe? Karatasi hiyohiyo ipelekwe kwa wagombea wote, siku moja, kwa muda uleule wa kujibu. Atakayekataa kujibu, andikeni kwamba amekataa.

Hapo kwenye muda wa kujibu ndipo tunapofanya dhambi zetu nyingi. Mwandishi ameshika nyaraka wiki tatu. Saa tatu usiku, ukurasa ukiwa tayari kwenda mtamboni, anampigia mgombea mara moja. Kesho yake tunasoma: "Alipotafutwa, simu yake iliita bila kupokelewa." Yule tunayempenda, wakati huohuo, alitumiwa maswali Jumatatu, akajibu Alhamisi kupitia wakili, na majibu yake yakapewa nusu ukurasa. Mkitaka kujua chumba chenu kinaegemea wapi, achaneni na tahariri. Angalieni simu zilipigwa saa ngapi.

Jihadharini pia na "kampuni inayohusishwa na mgombea". Ni mwanahisa? Mkurugenzi? Au inamilikiwa na shemeji yake, ambaye hawajasalimiana miaka mingi? Hati ya usajili ikisema ana hisa, tajeni ni ngapi. Isiposema, mmebaki na uvumi.

Wakubwa nao huteleza, tena wakiwa na ofisi zilizojaa wanasheria. Novemba 2019 Michael Bloomberg alipoingia kwenye mbio za urais Marekani, shirika la habari analolimiliki liliwaambia waandishi wake kwamba halitamchunguza yeye, na kwamba ili haki itendeke, halitawachunguza wapinzani wake ndani ya chama cha Democratic pia. Serikali ya Donald Trump ingeendelea kuchunguzwa kwa kuwa ndiyo iliyokuwa madarakani. Kampeni ya Trump ikajibu kwa kuwanyima waandishi wa shirika hilo vibali vya kuingia kwenye mikutano yake. Nawaelewa wahariri wale, maana hakuna anayependa kumpekua anayemlipa mshahara. Lakini dawa waliyoichagua iliwanyima wasomaji habari za watu wengi ili kumsitiri mmoja.

Mwaka uliofuata ulileta mtihani mgumu zaidi. Septemba 2020 New York Times liliandika kwamba Trump alilipa dola 750 tu za kodi ya mapato ya serikali kuu kwa mwaka 2016, na kiasi kilekile kwa 2017. Kabla wiki tatu hazijaisha, New York Post likatoa barua pepe za biashara za Hunter Biden, mtoto wa mgombea wa upande wa pili. Twitter ikazuia kiungo cha habari hiyo, na mkuu wake, Jack Dorsey, akakiri baada ya siku chache kwamba kuzuia vile kulikuwa kosa. Mimi siwalaumu waliogoma kuchapa barua wasizoweza kuzikagua; tena biashara za mwana hazigeuki za baba mpaka hati iseme. Nawalaumu waliofurahi kwamba hawakuweza kuzikagua, wakaliweka faili kabatini. Mwaka 2022 magazeti makubwa yalithibitisha kwamba baadhi ya barua zile ni za kweli. Uchaguzi ulikuwa umeshapita.

La mwisho linahusu nyumba yetu wenyewe. Kama kampuni ya mgombea inanunua matangazo kwenu, au mwenye gazeti ana ubia naye, semeni hivyo ndani ya habari yenyewe, katika aya za juu. Mhariri akiifuta aya hiyo, mwambieni aiondoe na majina yenu.

Ni mimi mzee wenu,
mhariri mstaafu