Barua ya wazi kwa wifi yangu

Wifi yangu mpendwa,

Salamu zako nilizipata, na wanao hawajambo. Nakuandikia hapa waziwazi kwa sababu kila tukipigiana simu tunaishia kucheka, na lile jambo linabaki palepale.

Unalijua. Siku ya michezo shuleni, mdogo alipokuja mbio na medali ya mbio za kupokezana vijiti ikimgongagonga kifuani, ulimnyanyua juu, ukawageukia wazazi wenzetu ukasema, "Huyu ndiye aliyechukua damu yetu, yule mwingine sijui kamfuata nani." Yule mwingine alikuwa amesimama nyuma yako, ameshika viatu vya mdogo wake aliyekimbia pekupeku, akizifungua kamba zilizokazana, fundo moja baada ya jingine. Uliposema hayo hakuinua uso, aliendelea kufungua. Usiku akaniuliza kama ni lazima naye ajiandikishe riadha.

Sikatai kwamba unawapenda. Nani alikesha nami mkubwa alipokuwa akichemka homa utotoni, kama si wewe? Ndiyo maana neno lako lilimchoma kuliko ambavyo lingemchoma likitoka kwa mtu baki.

Mdogo hujitosa kila mahali, kwaya, maigizo, skauti, na hajamaliza kimoja kabla hajadandia kingine. Mkubwa alichungulia mlango wa klabu ya sataranji karibu muhula mzima kabla ya kuingia, lakini tangu aketi hajabanduka. Alexander Thomas na Stella Chess, madaktari wa akili walioanza mwaka 1956 kuwafuatilia watoto jijini New York tangu uchanga, waliwatambua watoto wa namna hii, wanaosita mbele ya jambo jipya lakini huzoea taratibu wasiposukumwa, na hawakuwahesabu kuwa wagonjwa. Walichosisitiza ni malezi kuendana na hulka ya mtoto mwenyewe, jambo ambalo mimi nilikuwa nikilifanya kabla sijawasoma.

Kwa hiyo nakusihi usimpime mmoja kwa mwenzake. Najua utasema namdekeza, kama ulivyomwambia kaka yako. Lakini nilipomtoa kwenye timu ya mpira sikuwa nikimfundisha uvivu, bali alikuwa akitapika kila asubuhi ya mazoezi, na hukuwapo kufua hayo mashuka. Hata huyo mdogo hukumtendea haki, maana sasa anajua kwamba siku atakayoshindwa, huenda naye akatolewa kwenye damu yenu.

Likizo ijayo njoo, chumba chako kipo. Ukimkuta mkubwa kwenye ubao wake, keti umwombe akuonyeshe farasi anavyoruka; atakueleza mpaka wewe ndiye uombe kupumzika. Ila ukiyarudia yale maneno, nitakujibu hapohapo mbele ya watu, na kaka yako nimekwisha kumwambia.

Wifi yako.