Shangazi, ndiyo, nimekula farasi

Shikamoo shangazi.

Nimepata habari kwamba umeitangazia Ngamiani nzima, hapo Tanga, kuwa nimekwenda kujitolea Kazakhstan, kwa watu wanaokula farasi. Naandika hadharani ili na majirani wasome, maana habari ikipita kwako hutoka na chumvi ya ziada.

Ni kweli wanamla, na mimi nimemla. Nyama ya mbavu na mafuta yake hujazwa kwenye utumbo, ikaitwa kazy, kisha hukatwa vipande na kupangwa juu ya beshbarmak, yaani nyama iliyochemshwa ikalazwa juu ya chapati pana za unga. Kuhusu uhalali usihangaike. Sisi wa madhehebu ya Shafii hatuna neno na nyama ya farasi. Wakazakh ni Mahanafi, na Imamu Abu Hanifa ndiye aliyeichukia, lakini wao ndio wanaoila zaidi. Mpelekee maalim hilo.

Sasa nikusimulie Nauryz, mwaka mpya wao wa majira ya kuchipua. Mapumziko ni tarehe 21 hadi 23 Machi. Hapa Shymkent, kusini mwa nchi, ninakozungumza Kiingereza na vijana ili ndimi zao zizoee, viwanja hujaa yurta, yale mahema ya duara ya fito na sufu nzito iliyoshindiliwa. Kuna dombra, ala yao ya muziki ya nyuzi mbili, kuna bembea ya miti sita ambayo wasichana na wavulana hupanda wamesimama, kuna majukwaa na hotuba. Napiga picha kama wengine. Ila uwanjani ni maonyesho tu. Sikukuu yenyewe iko majumbani.

Mama mwenye nyumba wangu alianza kupika usiku. Supu yao, nauryz kozhe, lazima iwe na vitu saba: maji, nyama, chumvi, mafuta, unga, nafaka na maziwa. Nyama hutoka kwenye akiba ya mnyama aliyechinjwa mwanzo wa baridi, ndiyo wanayoiagia baridi. Maziwa ni ya msimu unaoingia. Ina uchachu, hunywewa kwenye bakuli, na mdomo wa kwanza ulinishangaza. Wa tatu nikaanza kutafuta chini kabisa, kwenye ngano. Halafu tukatoka kwenda kwa jirani, na kwa jirani wa jirani, na kila nyumba ina sufuria yake na kila mwenye sufuria anakutazama usoni ukinywa. Kukataa hakuna. Wanasema ukishiba siku hiyo utashiba mwaka mzima, na hutakiana maziwa yawe tele. Kabla ya kuondoka mzee wa nyumba hufungua viganja, huomba dua kwa Kikazakh, na sote tunapangusa nyuso. Hapo sikuhitaji mkalimani.

Jambo lililonikaa moyoni ni hili. Wasovieti waliifuta Nauryz mwaka 1926, na haikurudi hadharani hadi 1988. Zaidi ya miaka sitini! Mama huyu alizaliwa katikati ya kipindi hicho. Anasema kila Machi bibi yake alipika supu hiyo hiyo bila kutaja ni ya nini, akawaita watoto wa majirani waje kunywa, basi. Hapakuwa na hotuba wala jukwaa. Leo wakubwa wa mji wanapokata utepe mimi huwatafuta bibi kama hao kwenye umati, na huwa hawapo. Wako nyumbani wanakoroga. Nilikukumbuka wewe na sufuria zako za Idi, ambazo nazo hakuna mtu aliyewahi kuzitolea hotuba.

Kuna sikukuu nyingine za kiserikali, kama Siku ya Jamhuri tarehe 25 Oktoba, ambazo wanafunzi wangu hulala tu. Lakini tarehe 16 Desemba si ya mchezo. Ni siku ya uhuru wao wa 1991, wiki moja baada ya tarehe yetu ya 9 Desemba na miaka thelathini nyuma yetu. Sisi tuna gwaride. Wao wana furaha yenye kovu. Mwezi huo huo wa Desemba, mwaka 1986, vijana walijaa uwanjani Almaty baada ya Moscow kumwondoa kiongozi wao Kunaev na kuwaletea Kolbin, mtu asiyetoka kwao, wakapigwa vibaya. Na tarehe 16 Desemba 2011, kule Zhanaozen magharibi, polisi waliwafyatulia risasi wafanyakazi wa mafuta waliokuwa kwenye mgomo. Niliuliza swali moja tu darasani, kisha nikanyamaza nikasikiliza.

Chai utaipenda, ni ya maziwa. Shida itakuwa mkono wako. Hapa mgeni humiminiwa kidogo, chini ya nusu ya bakuli, ili aongezwe tena na tena. Akijaziwa mpaka juu ameambiwa aende kwake. Wewe unayejaza kikombe mpaka sahani inakunywa, ungewafukuza wageni wote wa Shymkent kwa asubuhi moja.

Majani yenyewe mengi dukani yameandikwa Kenya. Ya Usambara sijayaona hata pakiti. Kama yule rafiki yako wa kiwanda cha chai bado yupo, mwambie Wakenya wametutangulia huku pia, na watu wa hapa wanakunywa chai kutwa.