Aliyechelewesha mashine ya kuchimba Bitcoin ndiye abebe hasara, sio mteja

Mhariri,

Naomba nafasi kwa gazeti lako, jambo hili limenikaa rohoni tangu 2024 na nimelisema kwa watu wengi mdomoni mpaka nimeona bora niliandike, huenda kuna wengine yamewapata kama mimi na wamenyamaza.

Mimi ni fundi simu hapa Langoni, Lamu. Katikati ya Januari 2024 mimi na mtoto wa ami yangu na rafiki zetu wawili tulichanga elfu sitini sitini, ikawa shilingi 240,000, tukaoda mashine moja ya mtumba ya kuchimba Bitcoin, ile sarafu ya mtandaoni, kwa ajenti wa Mombasa. Simtaji jina wala duka lake, hayo ntayataja mahali pake. Alitwambia bei ni dola 1,500 na dola wakati ule ilikua inacheza kwenye shilingi 160, nyote mwakumbuka vile vitu vilikua ghali ule mwezi, basi tukatuma yote kwa M-Pesa mara moja, akatupigia picha risiti akatutumia kwa WhatsApp, akasema mwezi wa Ramadhani hauandami ila mashine iko Mokowe, kwenye jeti ya boti za kwetu Lamu.

Ramadhani ikaingia, tukafunga, ikaisha, Idd tukasali, mashine hakuna.

Sasa najua kuna msomaji atasema, ah, si ni kuchelewa tu, kwani kabati la seremala halichelewi? Hapa ndipo nataka tuelewane manake hata ofisini nilipokwenda kushtaki hapa ndipo waliponishinda. Kabati likichelewa miezi minne, siku likifika ni kabati lile lile, nguo zitaingia zile zile. Mashine ya kuchimba sio hivo. Kazi yake ni kubahatisha namba, matrilioni ya namba kila sekunde, kutafuta jibu moja ambalo mtandao wote duniani unalitafuta, na kila dakika kumi hivi jibu linapatikana na alolipata analipwa. Sisi wadogo hatuwezi peke yetu, unajiunga na kundi mnachimba pamoja na mnagawana kulingana na nguvu ya mashine ya kila mtu. Na kila baada ya majibu 2,016, yaani kama wiki mbili, mtandao wenyewe unapima mashine zimeongezeka vipi na kuufanya ugumu wa kulipata jibu upande au ushuke. Kwahivyo kila wiki mashine yako iko ndani ya boksi kwa stoo ya mtu na wenzako duniani wanawasha zao mpya, fungu lako linapungua na hata hujaiona sura.

Na kuna kubwa kuliko hilo. Malipo yenyewe hukatwa nusu kila miaka minne hivi. Bitcoin ilipoanza 2009 ilikua sarafu 50 kwa kila jibu, 2012 zikawa 25, 2016 zikawa 12.5, 2020 zikawa 6.25, na Aprili 2024 zikawa 3.125. Hio sio siri, kila mtu wa hii biashara alikua anajua kuwa Aprili inakuja, ajenti alijua, sisi tulijua, na ndio sababu tulikimbia kulipa Januari, tupate angalau wiki tano sita za malipo makubwa tukiwa tunajifunza. Ule usiku wa kukatwa, kama saa tisa saa zetu kuamkia tarehe 20 Aprili, nilikua macho nimeshika simu naangalia namba zikihesabu kushuka, mashine yangu sijui iko wapi. Ni kama mvuvi alioda nyavu apate kaskazi, akaletewa kusi limeshakaza na hakuna chombo kinachotoka. Nyavu ni nzima, haina tundu. Lakini alolipia mvuvi ni msimu.

Hesabu yetu haikua ya tamaa. Stima ya kawaida tulijua haitulipi kabisa, mashine ya wati 3,250 ikiwaka usiku na mchana inakula yuniti 78 kwa siku, anaenunua tokeni anaelewa hio ni nini. Sisi tulikua na sola za pampu ya maji shamba letu la Hindi, huku Lamu bara, pampu inafanya kazi asubuhi masaa mawili na jua linalobaki linapotea bure, tukasema tutaiwasha mashine kwa lile jua tu, na kwa bei za Januari pesa zetu zingerudi kwa miaka miwili hivi. Baada ya Aprili zile zile hesabu zikawa zaidi ya mara mbili. Hakuna alotuibia kwa bunduki, ni kalenda tu imesogezwa, na alosogeza ni mtu mmoja.

Visababu navyo. Nataka niseme ukweli kwa pande zote. Mwisho wa Aprili na Mei mvua zilikua nyingi mno, Mto Tana ukajaa, magari ya Lamu yakapata taabu, alipotwambia mzigo hauwezi kupita nilikubali, hio ni kazi ya Mungu. Lakini huko nyuma, mwezi wa tatu, alituandikia kwamba meli imechelewa kwa sababu ya vita vya Bahari ya Sham, eti meli zinazunguka Afrika Kusini. Nkamsomea ami yangu ile meseji, ami yangu ni nahodha wa zamani, alikua ameketi barazani na tasbihi yake, akaniuliza, "Hiyo mashini yatoka wapi?" Nkamwambia Uchina. Akasema, "Mtu wa Uchina huya hapa kwa Bahari ya Hindi moya kwa moya, Bahari ya Sham ina nini na Mombasa?" Nikafungua ramani kwa simu, kweli, meli inatoka Shenzhen inapita Malaka inapita chini ya Sri Lanka inakata bahari mpaka Mombasa, haigusi Bahari ya Sham hata kidogo, alozunguka Afrika Kusini ni anaekwenda Ulaya. Iliniuma sana hio kuliko hata pesa. Huwezi kumdanganya mtu wa Lamu kuhusu bahari na ukatarajia akuamini kwa jambo jengine.

Mashine ikafika Mombasa mwezi wa saba. Tukasema hatuitaki tena, tarehe yako ilikua kabla ya Ramadhani, turudishie pesa zetu. Hapo ndipo nilipojua maana ya kipimo. Ajenti akasema sawa, mlinunua kitu cha dola 1,500, nawarudishia dola 1,500 kwa reti ya leo. Reti ya leo! Shilingi ilikua imepanda nguvu, dola iko 130. Kwahivyo 240,000 yetu ikawa 195,000, akatoa na asilimia kumi ya gharama za kurudisha mzigo, gharama ambazo hazikuandikwa popote, ikabaki 175,500. Shilingi 64,500 zimeyayuka na hatujagusa hata waya.

Tungenyamaza labda. Lakini kwenye grupu la wateja wake nikajuana na dada mmoja wa Malindi, yeye aliagiza wiki ile ile na alilipa kwa Bitcoin, wakati sarafu moja ilikua kama dola 43,000. Mwezi wa tatu ilipita dola 73,000. Yeye aliomba arudishiwe mwezi huo wa tatu, akaambiwaje? Akaambiwa tunahesabu kwa bei ya siku uliyolipa! Yaani sisi tulipewa reti ya leo kwa sababu leo inampunguzia ajenti deni, na dada akapewa reti ya Januari kwa sababu Januari ndiyo inayompunguzia. Kibaba kimoja cha kupokelea na kibaba chengine cha kutolea. Sisi hapa tumesomeshwa tangu chuoni ile sura ya Al-Mutaffifin, inaanza na ole kwa watu wanaopunja, wakijipimia wao wataka kitimie na wakiwapimia watu wapunguza. Sijui nieleze vipi zaidi ya hapo.

Na jambo hili sio geni duniani, ndio maana linanitia hasira kuwa huku kwetu tunalifanya kama la ajabu. Kule Marekani kampuni ya Butterfly Labs ilianza kupokea oda za mashine kama hizi 2012, watu wakalipa kabla, na Septemba 2014 tume ya biashara ya serikali yao ikaipeleka kortini, ikasema kuwa mwaka mmoja kabla yake wateja zaidi ya 20,000 walikua wamelipa na hawajapata kitu, na wengine walopata walipata mashine imeshapitwa na wakati. Ilidaiwa pia kuwa mashine za wateja zilikua zinawashwa kuchimbia kampuni kabla hazijatumwa. HashFast nayo iliahidi mashine kabla ya mwisho wa 2013 la sivyo pesa zote zirudi, zikachelewa, Bitcoin ilikua imepanda sana, wateja walolipa Bitcoin wakadai Bitcoin na kampuni ikataka kurudisha dola, na 2014 ikaishia kwenye kufilisika. Ni kesi yetu hii hii, miaka kumi kabla, kwa watu wengine. Wale hawakuambiwa "mlijitakia", serikali ilisimama ikauliza bidhaa iko wapi na pesa ziko wapi.

Mimi hapa nilipokwenda kushtaki ofisi moja nilijibiwa kuwa hio ni kamari, Benki Kuu ilishaonya. Ni kweli Benki Kuu ya Kenya ilionya Desemba 2015 kuwa Bitcoin sio pesa halali na mtu akipata hasara hana ulinzi, na mimi sibishi. Sarafu ikishuka bei hio ni yangu, sitamlilia mtu. Lakini mimi sikununua sarafu! Nilinunua chuma, kina feni, kina waya, kina uzito unakibeba kwa punda kutoka jeti. Muuza mashine ni muuza bidhaa kama muuza friji. Oktoba 2025 Rais alitia saini sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali na watu wakanambia sasa utalindwa, lakini ile inahusu masoko ya sarafu na wanaowawekea watu sarafu zao, chini ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, sioni muuza mashine humo. Sheria yangu ipo tangu zamani, Katiba ya 2010 kifungu cha 46 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa bora na habari kamili na ulinzi wa maslahi yake ya kiuchumi, na ipo Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Kilichokosekana ni afisa wa kuisoma bila kuliogopa neno Bitcoin.

Ninachoomba ni kidogo. Anaeuza mashine hizi kwa oda aandike tarehe kwenye risiti, sio "mwezi wa tatu inshaallah", tarehe. Aandike pale pale, siku ya kupokea pesa, kuwa ikipita hio tarehe atarudisha kwa kipimo gani, shilingi ngapi au sarafu ngapi, na kisibadilike, dola au sarafu ipande au ishuke. Na ikiwa mteja ataka bado mashine iliyochelewa, bei ipungue kwa wiki zilizopotea, manake hizo wiki ndizo alizonunua. Wenye duka wa haki hawatapata tabu na hili, nawajua wawili Mombasa wanafanya hivo hivo bila kuambiwa na sheria yoyote.

Mpaka leo ajenti wetu ametuma 100,000 tu, alituma Agosti 2024, na tangu hapo ni "wiki ijayo sheikh". Kwa hesabu yake bado tunamdai 75,500, kwa hesabu yetu ni 140,000. Nimeambiwa Mahakama ya Madai Madogo inachukua madai mpaka shilingi milioni moja na inatakiwa imalize kesi ndani ya siku 60, na huhitaji wakili kusimama nawe. Basi tunakwenda. Dada wa Malindi amekubali. Kama kuna wengine mlolipa Januari ile na mna risiti ya rangi ya kijani yenye muhuri wa duara, msifute meseji zenu, na ile ya Bahari ya Sham zaidi, hio ihifadhini.

Fundi simu,
Langoni, Lamu