Meza ya vipimo ijengwe sokoni, mbele ya macho ya watu

Ndugu Mhariri,

Msimu wa korosho ukikaribia, habari za kangomba, yaani ununuzi haramu wa korosho kwa bakuli au kopo nje ya vyama vya ushirika, hurudi magazetini, na dawa inayotajwa karibu kila mara ni doria na kukamatana. Naomba nafasi nieleze dawa nyingine, iliyotumika katika mji mmoja wa Italia miaka 2,000 iliyopita. Halmashauri zetu za Mtwara na Lindi zinaweza kuijenga kwa saruji na fundi mmoja hodari.

Mji huo ni Pompeii, uliofukiwa na mlipuko wa volkano ya Vesuvius mwaka 79 BK. Kwa sababu ulifukiwa, uwanja wake wa kati unaonekana hadi leo: urefu takriban mita 140, upana mita 38 hivi. Hekalu la Jupiter lilikuwa kaskazini, ofisi za watawala kusini, basilika ya mahakama na biashara kona ya kusini-magharibi, soko la vyakula kaskazini-mashariki. Upande wa magharibi, ndani ya kishubaka cha ukuta kinachotazama uwanja, ndipo ilipowekwa meza ya vipimo.

Ni bamba nene la mawe ya chokaa lililochongwa mabakuli tisa ya duara, makubwa kwa madogo, kila moja na tundu chini. Tundu linazibwa, nafaka inamiminwa mpaka ukingoni, inasawazishwa, kisha kizibo kinatolewa na nafaka yote inaangukia kwenye mfuko wa mnunuzi uliokingwa chini. Hakuna kuchota kwa mkono, wala hakuna punje inayobaki kwa muuzaji. Jiwe halibonyei kama kopo la bati, na kwa kuwa limejengewa hapo, hakuna awezaye kulibadilisha usiku.

Kinachonivutia zaidi ni historia yake. Meza ilichongwa kwanza kwa vipimo vya wenyeji wa asili wa eneo lile, Waosko. Warumi walipoutawala mji, sokoni kukawa na vipimo vya aina mbili, na penye vipimo viwili anayeumia ni yule asiyejua tofauti. Karibu mwaka 20 KK, baraza la mji liliamua vipimo visawazishwe. Mabakuli yakapanuliwa yafuate kipimo cha Kirumi, majina ya zamani yaliyochongwa pembeni yakafutwa, na majina ya watawala wawili waliosimamia kazi hiyo, Aulus Clodius Flaccus na Numerius Arcaeus Arellianus Caledus, yakachongwa kwenye jiwe lenyewe pamoja na kauli kwamba ni kwa amri ya baraza. Mnunuzi aliyetilia shaka bakuli alijua nani wa kuulizwa. Sisi tuna vibao vya mawe ya msingi vyenye majina ya wageni rasmi, lakini kopo la sokoni halina jina la mtu yeyote.

Baada ya hapo hesabu ilikuwa moja kwa wote. Modius, kipimo chao cha nafaka, kilikuwa kama lita 8.7 na kiligawanywa sextarius 16, kila moja zaidi kidogo ya nusu lita. Wazee wetu wa pwani walikuwa na utaratibu wa namna hiyo, vibaba vinne kwa pishi moja, na walitofautisha kibaba cha mfuto, kilichosawazishwa ukingoni, na kibaba cha tele, kilichojazwa kwa kilele. Leo makopo yamebaki bila makubaliano hayo. Mkulima anadaiwa tele anapouza, halafu anapewa mfuto anaponunua. Kitako kilichobonyezwa kwa ndani kinakula sehemu ya ujazo na kwa juu kopo linaonekana zima. Lumbesa, yaani kujaza gunia kupita kiasi chake, ni ugonjwa huohuo kwenye magunia.

Meza ya Mtwara ingejengwa hivi. Saruji imara, kimo cha kiuno, chini pawe wazi ndoo iweze kusimama. Mabakuli ya chuma kisichoshika kutu yawe manne: nusu lita, lita 1, lita 4 na lita 20, yote na tundu pana la kutosha maharage yasikwame, na ubao wa kusawazisha ufungwe kwa mnyororo. Mwenye shaka na kopo la muuzaji anajaza bakuli la meza, anasawazisha, anafungulia kwenye kopo lile. Likimwagika kabla bakuli halijaisha, kopo ni dogo.

Kwa korosho bakuli halitoshi, na hili lisemwe wazi. Ujazo uleule wa korosho ghafi hubadilika uzito kwa ukubwa wa punje na unyevu, ndiyo maana bakuli la kangomba humfaa mnunuzi. Pembeni ya meza uwekwe mzani na mawe ya kilo ya kuuhakiki, ili mkulima apime gunia kabla halijafika chama cha msingi cha ushirika. Anayeuza mapema kwa sababu ya njaa au ada ya shule meza haitamzuia, ila ataijua hasara yake kwa kilo.

Mahali pa kuiweka ndipo miradi mingi hupotea. Ikikaa ndani ya ofisi, itafungwa saa tisa na nusu. Ya Pompeii iliwekwa jirani na jumba la nafaka na mboga, watu wanapopita, na uwanja wote ulikuwa wa watembea kwa miguu: upande wa barabara kuu ya mashariki, ngazi na mawe yaliyosimamishwa yalizuia mikokoteni. Samaki nao waliuzwa ndani ya soko lenye kuta na mfereji wake, ambamo wachimbaji walikuta magamba. Kwetu, meza iwe kwenye mlango wa soko kuu, mbali na maji ya samaki, na nguzo fupi za zege zizuie bajaji na bodaboda kupaki mbele yake.

Wakala wa Vipimo ihakiki mabakuli na mzani kabla ya kufunguliwa na kila mwaka baada ya hapo. Tarehe ya ukaguzi na jina la aliyekagua viandikwe kwa rangi juu ya meza, kwa herufi ambazo mtu aliyebeba kapu anaweza kuzisoma akiwa amesimama.

Mwalimu wa historia,
Shangani, Mtwara