Yah: Malalamiko kuhusu ghala la data lisilolingana na leja za chama

Mkurugenzi Mtendaji,
Kampuni iliyopewa zabuni ya ujenzi wa ghala la data,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ninaandika kwa niaba ya menejimenti ya chama chetu cha ushirika wa akiba na mikopo, kulalamikia namna kampuni yako inavyoendesha mradi wa ghala la data, ambao ulikusudiwa kutuonyesha mahali pamoja akiba, hisa na mikopo ya wanachama wa matawi yote, pamoja na miamala inayopita kwenye simu. Tarehe ya makabidhiano iliyomo kwenye mkataba imekwisha pita, lakini kuchelewa peke yake kusingetufikisha kwenye barua hii. Tunachokilalamikia ni kwamba takwimu zinazotoka kwenye ghala hazilingani na leja, yaani vitabu vyetu vya hesabu, na kila tunapolieleza jambo hilo tunajibiwa kwa kuongezewa dashibodi nyingine, yaani skrini ya muhtasari wa takwimu.

Nianze na akiba, kwa kuwa ndiyo roho ya chama. Ripoti ya mwezi inajumlisha masalio ya kila siku kana kwamba ni miamala, kiasi kwamba mwanachama aliyekaa na shilingi 500,000 mwezi mzima wa Aprili bila kuweka wala kutoa anaonekana ana shilingi 15,000,000. Salio huweza kujumlishwa kati ya mwanachama na mwanachama, ila halijumlishwi siku kwa siku. Kwa kipindi huchukuliwa salio la mwisho au wastani. Karani yeyote wa hesabu angeling'amua kosa hili kwa kuitupia macho ripoti mara moja, na ndiyo maana tunaamini kwamba hakuna karani wa hesabu aliyewahi kuonyeshwa ripoti hiyo kabla haijapelekwa mbele ya Bodi.

Miamala ya simu ina kasoro yake. Seva inayoipokea huandika muda kwa saa za dunia, ambazo ziko nyuma ya saa zetu kwa saa tatu, na wataalamu wako wameuingiza muda huo kwenye ghala bila kuubadilisha. Kwa hiyo kila muamala unaofanywa kati ya saa 6 na saa 9 usiku huhesabiwa kuwa wa siku iliyopita. Kwa siku za kawaida mtu angeweza kulivumilia hilo, lakini rejesho la mkopo lililolipwa saa 8 usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari limeingia kwenye hesabu za mwaka uliofungwa, na mkaguzi hawezi kukubali maelezo kwamba ghala lina saa yake.

Kasoro iliyotutia hofu zaidi ni ya namba ya kitambulisho cha taifa. Namba hiyo ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Wataalamu wako waliipitisha kwenye lahajedwali (programu ya majedwali ya hesabu) ikiwa namba ya kukokotolewa badala ya kuwa maandishi, na kwa kuwa lahajedwali hutunza tarakimu 15 tu kwa usahihi, tano za mwisho ziligeuka kuwa sifuri. Baada ya hapo mfumo ulitumia namba hizo zilizoharibika kuwatambua wanachama, ukawaunganisha watu wawili tofauti kuwa mmoja, na deni la mmoja likaonekana kwenye taarifa ya mwingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inadai taarifa za mtu ziwe sahihi na zilindwe. Sisi ndio tutakaoulizwa na mwanachama huyo, si kampuni yako. Tumebaini pia kwamba mazingira yenu ya majaribio yana majina na namba za simu halisi za wanachama wetu, wakati mkataba unataka data za majaribio zifichwe utambulisho.

Kuhusu wanachama wanaohama tawi, ghala linafuta tawi la zamani na kuandika jipya juu yake. Matokeo yake ni kwamba mwanachama akihama kutoka Moshi kwenda Arusha, mikopo aliyowahi kuichukua Moshi nayo inahama, na ripoti ya mwaka uliopita inabadilika kila anapohama mtu. Hati ya usanifu mliyoiandika ninyi wenyewe inasema kwamba mabadiliko ya aina hiyo yatahifadhiwa kwa kuongeza mstari mpya wenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Tulichokuwa tunakihitaji kimeandikwa humo vizuri, ila hakikutekelezwa.

Meneja wako wa mradi ametujibu kwa maandishi kwamba chanzo cha yote haya ni uchafu wa data katika mifumo yetu ya zamani. Hatukubaliani naye. Ni kweli kwamba kuna majina yaliyoandikwa kwa tahajia mbili na namba za simu zilizokosa sifuri ya mwanzo. Kila chama chenye matawi kina hali hiyo, na awamu ya kwanza ya mkataba, ambayo tumekwisha ilipia, ilikuwa ya kuchunguza data hizo na kukubaliana namna ya kuzisafisha. Ripoti ya uchunguzi huo hatujaiona hadi leo. Isitoshe, kujumlisha masalio ya siku 30 hakutokani na jina la mtu kukosewa.

Kwa maoni yetu, kinachoitwa tatizo la kiufundi hapa kimezaliwa na uendeshaji. Mtaalamu mwandamizi ambaye wasifu wake ulichangia ninyi kupata zabuni aliondolewa bila sisi kuarifiwa, na nafasi yake wakaachiwa vijana wenye bidii ambao hawakuwahi kukaa na watu wa mikopo wala wa fedha. Kwa sera yetu, mkopo uliochelewa zaidi ya siku 30 uko hatarini, na unaopitisha siku 90 ndio mkopo chechefu, yaani usiolipwa ipasavyo. Vijana hao wameyaweka makundi yote mawili kwenye safu moja kwa sababu hakuna aliyewaeleza, na mkutano wa kukubaliana tafsiri uliahirishwa na upande wenu mara kwa mara. Wakati huohuo taarifa za maendeleo zimekuwa zikisema mradi umekamilika kwa asilimia 90. Asilimia hiyo inahesabu skrini zilizochorwa, na haisemi lolote kuhusu takwimu zilizothibitishwa.

Upakiaji wa usiku nao hufuta kila kitu na kuanza upya, haumaliziki kabla ya matawi kufunguliwa, na ukikwama hakuna anayepewa taarifa: dashibodi huonyesha takwimu za jana chini ya tarehe ya leo.

Tunaitaka kampuni yako isitishe utengenezaji wa dashibodi mpya mpaka masalio ya akiba, hisa na mikopo yalingane na leja kwa miezi mitatu mfululizo, tawi kwa tawi, na ulinganisho huo usainiwe na mhasibu wetu. Mtaalamu mwandamizi arudishwe, au aletwe mwingine wa kiwango chake tutakayemridhia kwa maandishi. Data halisi ziondolewe mara moja kwenye mazingira ya majaribio na mtuthibitishie kwa barua. Vilevile tunahitaji kukabidhiwa programu zote za kuchota na kupakia data pamoja na nywila za usimamizi, ambazo kwa mkataba ni mali ya chama. Marekebisho ya kasoro nilizozitaja yasiletwe kwetu kama maombi ya mabadiliko yenye gharama ya ziada, kama ilivyofanyika kwa suala la saa.

Malipo ya awamu ya tatu yamesitishwa kwa mujibu wa kifungu cha majaribio ya kupokea kazi. Tunatarajia jibu la maandishi lenye ratiba na majina ya wahusika ndani ya siku 14 tangu kupokea barua hii, na likikosekana tutalifikisha suala hili kwa msuluhishi aliyetajwa kwenye mkataba.

Wako katika kazi,

Meneja Mkuu wa Chama

Nakala: Mwenyekiti wa Bodi, Mwenyekiti wa Kamati ya Usimamizi, Mwanasheria wa Chama.